Meli ya doria hupimwa kwa siku, si kwa noti

Agosti 2003 meli ya doria ya Australia, Southern Supporter, ilikikuta chombo cha uvuvi Viarsa 1, chenye bendera ya Uruguay, karibu na kisiwa cha Heard, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi. Kilishukiwa kuvua bila leseni. Kikaamriwa kusimama, kikakataa, kikatimua. Kufukuzana kukachukua siku 21 na maili za bahari 3,900, katikati ya barafu na dhoruba, mpaka kikakamatwa Atlantiki ya Kusini kwa msaada wa vyombo vya Afrika Kusini na Uingereza. Sasa piga hesabu. Siku 21 ni saa 504. Gawanya 3,900 kwa 504, unapata noti 7.7, yaani maili 7.7 za bahari kwa saa. Mwendesha baiskeli asiye na haraka angewapita wote wawili.

Ndiyo maana hunichosha kusoma maelezo ya meli ya doria yanayoanza na kasi ya juu na ukubwa wa mzinga. Kasi hutumika kwa dakika chache katika safari nzima, na mzinga pengine usitumike kabisa. Meli hizi huundwa ili zikae. Tazama zile za Uingereza za aina ya River, HMS Tyne, Severn na Mersey, zilizoshushwa majini 2002 na 2003: urefu karibu mita 80, kasi noti 20 tu, lakini uwezo wa kwenda maili 5,500 na kubaki baharini siku 21 bila kuongezewa kitu. Hata mabaharia wake hupokezana, wengine nchi kavu na wengine melini, ili chuma kisirudi gatini kwa sababu tu binadamu wamechoka.

Kalenda ya doria ni mafuta. Nguvu inayotakiwa kusukuma meli hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Ongeza mwendo mara moja na nusu, injini zitadai nguvu mara tatu na zaidi. Tuchukue meli ya mfano yenye lita 100,000 za mafuta, inayokula lita 300 kwa saa ikienda noti 12. Itadumu siku 13 na ushee na kupita maili 4,000. Ipeleke noti 18: ulaji unafika lita 1,012 kwa saa, matangi yanakauka katika siku 4, na umepita maili 1,780 tu. Hapo sijaihesabu jenereta, ambayo haijali mwendo. Inakula usiku na mchana hata meli ikiwa imetia nanga.

Halafu si lita zote ni za kuchoma. Mafuta yaliyo chini ya sitaha ni uzito unaoituliza meli. Tangi lililojaa halina neno, na tangi tupu halina neno. Tatizo ni lililojaa nusu. Meli ikilalia upande mmoja, mafuta nayo hukimbilia upande huohuo na kuichelewesha kuinuka. Kwa hiyo matangi humalizwa jozi moja baada ya nyingine, kulia na kushoto kwa pamoja, na makamanda wengi hawapendi akiba ishuke chini ya asilimia 30. Meli inayorudi nyumbani ikiwa nyepesi huyumba kwa namna ambayo haikuyumba ilipoondoka, na mpishi ndiye wa kwanza kuligundua hilo.

Hapa pana mtego ambao watu wa nchi kavu hawautarajii: injini ya dizeli huumizwa na mwendo wa polepole. Imeundwa kubeba mzigo. Ukiiendesha siku nzima chini ya asilimia 30 ya nguvu yake, silinda hazipati joto la kutosha na mafuta hayaungui yote. Yaliyobaki hugeuka masizi kwenye nozeli, kwenye turbo na kwenye bomba la moshi; mengine huosha oili kwenye kuta za silinda. Kuta huanza kung'aa kama kioo, ringi za pistoni zikakosa pa kushika oili, na ulaji wa oili ukapanda. Dalili ni moshi mweusi na utelezi mweusi unaovuja kwenye maungio ya bomba la moshi. Baya zaidi huja siku ya kutaka mwendo: kamanda anaomba nguvu yote, masizi ya wiki nzima yanashika moto ndani ya bomba, na badala ya kufukuza mtu unazima moto wako mwenyewe.

Dawa yake inajulikana. Kwenye meli ya shafti mbili, yaani mihimili miwili inayozungusha propela, doria ya polepole hufanywa kwa injini moja, ili hiyo moja ibebe mzigo wa maana, na zamu ibadilishwe kila saa 12 au 24. Shafti ya pili huachwa izungushwe na maji, lakini kwanza hakikisha pampu ya umeme inailainisha giaboksi yake, maana pampu inayoendeshwa na injini imelala. Giaboksi ikizunguka kavu usiku mmoja, beringi zake zimekwenda. Kama hakuna pampu hiyo, shafti hufungwa kwa breki yake. Meli itavuta upande mmoja, na mshika usukani atairekebisha kwa kugeuza usukani digrii chache. Vilevile, kila siku injini hupandishwa hatua kwa hatua hadi asilimia 70 au 80 na kushikiliwa hapo nusu saa hadi saa nzima ili ijisafishe. Kamanda anayekataa kutoa saa hiyo kwa ubahili wa mafuta ataulipia gatini kwa vipuri.

Jenereta nazo zina ugonjwa uleule. Mbili zikiendeshwa kwa asilimia 20 kila moja zinaharibika zote. Moja kwa asilimia 50 inafurahi. Ila ukishusha boti, ukiingia njia nyembamba au ukikaribia chombo kingine, washa mbili bila kujali masizi. Umeme ukikatika wakati huo, usukani hukatika nao.

Jambo jingine la mafuta ni uchafu wake. Maji huingia tangini kwa unyevu wa hewa na kwa vifuniko vibovu, hukaa chini, na kati ya maji na dizeli huota vijidudu vinavyotengeneza utando kama kamasi. Bahari ikiwa shwari utando hutulia na hakuna anayejua. Bahari ikichafuka, tangi zima hukorogwa, vichujio huziba kimoja baada ya kingine, na injini huzimika saa ile ile unayoihitaji mno. Injini iliyofanya kazi wiki mbili kwenye maji tulivu haijathibitisha lolote. Toa maji chini ya matangi kila siku, pitisha mafuta kwenye separeta, mashine inayoyatenga na maji na uchafu, kabla ya tangi la matumizi, na kabla ya dhoruba weka vichujio vipya mkononi, si stoo. Chujio la maji ya bahari yanayopoza injini nalo litazamwe: yavuyavu wakipita kwa makundi huliziba kwa dakika chache, na ishara ya kwanza ni joto linalopanda kwenye injini zote mbili kwa pamoja.

Maji ya kunywa yana hesabu fupi. Watu 40, lita 150 kila mmoja, ni tani 6 kwa siku. Matangi ya tani 30 yataisha siku ya tano, hivyo meli hujitengenezea maji kwa kusukuma ya bahari kupitia utando unaozuia chumvi. Mashine hiyo haiwashwi bandarini wala kwenye mdomo wa mto. Mafuta na tope huua utando. Mboga mbichi huisha ndani ya siku kumi, na baada ya hapo ni mchele, maharage na makopo.

Rada haioni kila kitu, na kila msimamizi wa zamu anapaswa kuijua hesabu ya upeo wake: chukua kipeuo cha pili, yaani mzizi, cha urefu wa antena kwa mita, jumlisha kipeuo cha pili cha urefu wa shabaha, zidisha kwa 2.22. Antena ikiwa mita 16 juu ya maji na shabaha mita 4, ni 4 na 2, jumla 6, mara 2.22: maili 13. Huo ni upeo wa chombo cha chuma. Boti ya mbao au ya faiba, imelowa, katikati ya mawimbi, yaweza isionekane hadi maili 3 au 4. Rada ya mawimbi ya sentimita 3 ndiyo ya vidogo, lakini mvua huifunika. Ile ya sentimita 10 hupenya mvua na kupoteza vidogo. Ndiyo maana zinawekwa zote mbili, na ndiyo maana jicho la baharia mwenye darubini halijapata mbadala. Kifaa cha utambulisho cha AIS husaidia kwa namna ya kinyume: sheria za kimataifa zinakitaka kwenye meli za tani 300 na zaidi za safari za kimataifa, kwa hiyo doa kubwa kwenye rada lisilo na jina kwenye AIS ndilo la kuendewa. Chombo kinachofuata sheria hakina sababu ya kujificha hapo.

Sasa boti. Doria yote huishia kwenye boti ya mpira yenye tumbo gumu, urefu wa mita 7 hivi, inayobeba watu kutoka meli kwenda chombo kinachokaguliwa. Ukiniuliza ni wapi watu huumia kwenye meli za doria, nitakuonyesha kreni ya boti kabla ya mzinga.

Mpaka wa kawaida wa kushusha boti ni bahari ya daraja la 4, mawimbi ya mita 1.25 hadi 2.5. Meli haisimami. Ikisimama itayumba ovyo na kamba ya omo, inayoishika boti kwa mbele, italegea. Hupunguza hadi noti 5 hadi 8, ikiweka mawimbi kwenye shavu la upande wa pili, ili upande wa boti uwe demani, penye kivuli cha upepo na maji yaliyotulia kidogo. Kabla boti haijaondoka sitahani, nahodha wake hufunga kwenye mguu kamba ya kuzimia injini, hukagua mafuta na redio, na kila mtu hukaguliwa koti okozi na mwenzake, si na yeye mwenyewe.

Boti hushushwa hadi juu kidogo ya vilele vya mawimbi, injini ikishawashwa. Linapopanda wimbi, kamba ya kreni hulegezwa haraka boti ikae juu yake. Ndoano hufunguliwa kwanza. Kamba ya omo hubaki. Ndiyo inayoivuta boti iende sambamba na meli wakati nahodha anageuza usukani kidogo kwenda nje. Ikishaachana na ubavu, kamba ya omo huachiliwa, mwisho kabisa. Wakati wa kurudi mpangilio hugeuka: kamba ya omo kwanza, ndoano baadaye. Anayekosea mpangilio, akafungua kamba ya omo huku ndoano ingali imeshika, ataiona boti ikirudi nyuma, ikigeuka ubavu na kupinduliwa na mwendo wa meli yenyewe. Hakuna muda wa kusahihisha.

Jingine ni mvuto wa ubavu. Maji yanayopita katikati ya matumbo mawili yaliyokaribiana huongeza kasi na kupunguza msukumo, hivyo boti hunyonywa kuelekea meli. Nahodha mgeni huenda taratibu kwa kudhani ndiyo usalama, na taratibu hiyo ndiyo humgandisha ubavuni, kisha humtelezesha kuelekea tezi, nyuma ya meli, ziliko propela. Ingia kwa nguvu ya kutosha kutoka.

Kupanda chombo kingine hufanywa wimbi likiwa kileleni. Anayeshika ngazi boti ikiwa bondeni atafuatwa na boti hiyohiyo ikipanda, na miguu yake itakuwa katikati. Shika, kanyaga, panda hatua tatu bila kutazama chini. Kuvuta pumzi ni baadaye.

Juu, jambo la kwanza si karatasi. Hesabu watu, linganisha na orodha ya mabaharia, na kama wanapungua usiendelee mpaka wapatikane. Wawili wa timu hukaa na mabaharia, mmoja huenda chumba cha injini, kiongozi huenda chumba cha usukani. Hapo skrini ya njia iliyopitwa hupigwa picha kabla mtu hajagusa swichi, kwa kuwa kuna wanaozima umeme wa chombo chote kwa kisingizio cha hitilafu. Kisha ndiyo leseni, usajili, kitabu cha uvuvi, na kulinganisha kitabu na kilichomo kwenye chumba cha barafu. Kitabu safi kupita kiasi, wino wa aina moja, mwandiko usiotikisika kwa wiki tatu za bahari mbovu, kimeandikwa jana usiku.

Lakini yote haya hujengwa juu ya hatua iliyofanyika kabla ya boti, nayo ni amri ya kusimama. Ibara ya 111 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 inaruhusu kumfukuza mtu hadi bahari kuu, kwa masharti. Mfukuzwaji awe ndani ya eneo lenye sheria aliyoivunja: maili 12 za bahari ya kitaifa, 24 kwa ushuru, uhamiaji na afya, 200 kwa samaki na rasilimali nyingine. Apewe ishara ya kuona au kusikia, akiwa mahali anapoweza kuiona au kuisikia. Ufukuzaji usikatike. Na uishe akiingia bahari ya kitaifa ya nchi yake au ya nchi nyingine. Kwa vitendo: mwite kwa redio, chaneli 16, kwa jina, rudia, pandisha bendera L ya alama za kimataifa, ambayo maana yake ni "simamisha chombo chako mara moja", mulika taa kwa herufi hiyohiyo, fupi ndefu fupi fupi, piga honi. Kila kimoja na saa yake kitabuni.

Anayedhani huo ni urasimu aisome kesi ya Saiga. Oktoba 1997 Guinea iliikamata meli hiyo ya mafuta iliyokuwa ikiuzia vyombo vya uvuvi dizeli baharini. Tarehe 1 Julai 1999 Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari ikaamua kwamba masharti ya ufukuzaji hayakutimia: ishara haikutolewa ipasavyo na ufukuzaji ulikatika. Ikaona pia kwamba nguvu ilipita kiasi, kwani risasi za moto zilifyatuliwa bila onyo la kawaida juu ya meli iliyojaa, ya noti 10 tu, ambayo ingefikiwa bila taabu. Guinea ikaamriwa kulipa dola 2,123,357 za Marekani pamoja na riba. Na Viarsa 1, baada ya zile siku 21? Mwaka 2005 jopo la mahakama huko Perth, Australia, likawaachia mabaharia wake huru. Ushahidi wa mahali zana za uvuvi zilipozama ni kitu kingine kabisa na ushahidi wa kwamba mtu alikimbia.

Kwa hiyo saa zote ziwe moja. Rada, kamera, redio na kitabu vifuate saa ya GPS, kwa saa za dunia na si za nyumbani, na vikaguliwe kila zamu. Kamera iliyopishana na kitabu kwa dakika 7 ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili.

Mwisho nihesabu watu, maana hapa ndipo mipango mingi ya ofisini huvunjika. Kushusha boti na kukagua chombo kimoja kunadai timu ya watu 7, watatu wa boti, watano wa kreni, wanne chumba cha usukani, watatu wa injini, watatu kwenye rashasha. Hao ni 25. Tuseme meli ina 35, na kati yao theluthi moja walikuwa zamu ya usiku. Maana yake kila ukaguzi huwatoa watu vitandani, na ukaguzi wa tatu wa siku hufanywa na watu wasiopaswa kupanda ngazi ya kamba. Chombo kikikamatwa, watano wengine huondoka nacho kukisindikiza bandarini, labda siku tatu kwa noti 8, na waliobaki hugawana zamu zao. Doria ya wiki tatu yenye makamato mawili ni doria ya wiki mbili kwa miili ya watu, hata kama matangi bado yana mafuta.

Boti ikishapandishwa na kufungwa, ijazwe mafuta hapohapo, kabla hata makoti hayajavuliwa na chai haijamiminwa. Mwito unaofuata waweza kuwa wa mtu aliyeanguka majini.